Bwana Afya na Kiti cha Mama Mkwe

Bwana Afya alikuwa na choo kizuri kuliko vyote kijijini kwetu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia. Kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Mke wake na watoto walikwenda kwa jirani. Mtu akimwuliza sababu, alijibu kwa ile sauti yake nzito iliyotoka kifuani kama pipa linalovingirishwa: "Choo cha mfano ni cha kuonyeshwa. Kikishatumika, kinakuwa choo tu."

Mimi ni seremala. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua viti vya watu na kuvirudisha kabla hawajagundua, na kwa kitabu cha michoro ambacho kurasa zake za mwanzo mtu mwingine alizifanya za kuwashia moto kabla hakijanifikia. Kwa hiyo hadi leo sijui mchoro unaanzaje. Najua tu unavyoendelea. Nakiri pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikishika randa, mbao inakwisha. Niliwahi kugeuza baiskeli njiani na kurudi Sumbawanga mjini kuhakikisha kwamba droo niliyouza asubuhi bado inafunguka. Hata maneno haya nimeyaanza mara nyingi. Kila mara nilianza na kiti, na kila mara niliona nimemwonea Bwana Afya, maana mtu hawezi kuwa kiti peke yake. Ndiyo maana leo nimeanza na choo.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye koti la kaki lililofungwa vifungo mpaka kooni. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, visima, majiko na kucha za watoto wa shule. Kijiji chetu kiko juu uwandani, kati ya Sumbawanga na Laela, na wakati ule tulikuwa tumehamishiwa hapo karibuni, nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka ili serikali ikija itukute haraka. Bwana Afya aliupenda ule unyoofu. Alisema maradhi hupenda kona.

Alifunga vitu. Baiskeli ya serikali aliifunga kwa mnyororo hata alipokuwa ameiegemea. Sufuria ya maziwa nyumbani kwake ilikuwa na komeo. "Ajali ni mgeni asiyepiga hodi," alikuwa akisema, "basi wewe usimwachie mlango." Mwaka mmoja upepo wa Ufipa, ambao haujui kufuli, uliezua paa la choo cha mfano ukalipeleka mpaka kwenye shamba la ulezi la kijiji. Mlango ulibaki umefungwa vizuri kabisa. Tulimwona akikatiza kwenye ulezi kulitafuta paa lake, ufunguo mkononi.

Alihubiri maji ya kuchemsha na yeye alikunywa ya kijito, akisema baridi yetu huua vijidudu kuliko moto. Aliwapanga watu wazima kwenye mstari wa chanjo, akawakemea waliolia, halafu ilipofika zamu yake akaanguka kabla sindano haijatoka kwenye sahani. Alipozinduka aliuliza kama mlango wa zahanati umefungwa.

Lakini kujipinga kwake kukubwa kulikuwa juu ya mila. Jioni, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, alisimama mbele ya ubao akasema kuna mila zinazoturudisha nyuma, na ya kwanza kati ya hizo ni mkwe kumkimbia mkwe. Katika ukoo wa mke wake, mwanamume haonani na mama wa mke wake. Hasemi naye, hamtazami, hali chakula palipo naye. Akitaka kufunguliwa mwiko huo, anapeleka kuku na jembe, watu wanakunywa pombe kidogo, na tangu siku hiyo wanaonana kama watu wengine. Bwana Afya alikataa kupeleka kuku. Kupeleka kuku, alisema, ni kukubali kwamba mila ile ipo.

Basi hakupeleka kuku. Na hakuthubutu kumwona mama mkwe wake hata siku moja.

Niliona kwa macho yangu. Siku hiyo alikuwa akija na baiskeli kwenye njia ya kisimani, na upande wa pili mama mkwe alikuwa anatoka na ndoo kichwani. Wakati huo alikuwa bado mzima. Bwana Afya hakupunguza mwendo. Aligeuza usukani akaingia na baiskeli yake kwenye mahindi, mahindi yakafunga nyuma yake, na tukasikia tu kengele ikilia huko ndani kila alipogonga tuta. Alitokea upande wa pili wa shamba, mbele ya nyumba ya mtu ambaye hakumtarajia. Akajipangusa majani, akasema, "Nimekuja kukagua choo."

Nikamwuliza baadaye, kwa adabu, kwa nini asipeleke kuku mambo yakaisha.

"Fundi," akasema, "ukipeleka kuku leo kwa mila potofu, kesho utapeleka ng'ombe."

"Na ukiingia kwenye mahindi?"

"Kule niliteleza."

Halafu mama mkwe akaanguka kando ya kisima. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu. Alihamishiwa nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya Bwana Afya ili mke wa Bwana Afya, ambaye ni binti yake wa pekee, amtunze. Akalazwa kwenye mkeka gizani, na gizani akakaa. Tulimwita Bibi, sote.

Hapo ndipo nilipomjua Bwana Afya kwa kweli, kwa sababu hapo ndipo alipopata hofu. Mtu akilala upande mmoja siku hadi siku, ngozi hufa pale mfupa unapokandamiza. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Alijua kwamba kidonda kama hicho huanza na wekundu, na kikiachwa huingia ndani mpaka mfupani, na kikifika mfupani mtu wa umri ule hapati nafasi ya pili. Alijua pia kwamba kidonda kiko umbali wa ukuta mmoja kutoka kitandani kwake, na kwamba hawezi kukitazama.

Alimtibu kwa kuelezwa. Nilikuwepo siku mke wake alipotoka kule ndani na beseni la maji.

"Kikoje?" akauliza Bwana Afya.

"Kama nyanya."

"Nyanya mbichi au iliyoiva?"

"Iliyoiva. Imebonyea kidogo."

"Imebonyea na inatoa maji, au imebonyea tu?"

"Baba, nyanya gani iliyobonyea haitoi maji?"

Akanigeukia. Uso ulikuwa umemshuka. "Fundi, lazima akae. Lazima atoke nje apate jua, na lazima mgongo ubadilishwe mkao mara kwa mara. Tengeneza kiti chenye magurudumu. Kiegamie nyuma, kirudi mbele. Na kifungwe kila mahali, asije akaanguka."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi nzuri kama hiyo, na sikulala vizuri mpaka ilipokwisha. Nilichora kwa penseli na kufuta mpaka karatasi ikatoboka mahali pa egemeo la mgongo. Nikachora upande wa pili, tobo likawa pale pale.

Vipimo vilikuwa shida ya kwanza. Bwana Afya hangeweza kumpima. Mimi nilikuwa kijana wa kiume, nisingeweza kuingia. Mke wake akampima Bibi kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akaja kuniambia mikono mingapi. Nami kwa umakini wangu wote nikapima kwa mkono wangu. Mke wa Bwana Afya ni mwanamke mdogo. Mimi nina mikono ambayo mama yangu huitafutia shati la mikono mirefu bila kupata. Kiti kilipokwisha kingeweza kubeba Bibi wawili na mtoto wa kupakata. Nikakivunja, nikakikata upya. Mbao ilikuwa mninga, na huku uwandani mti wa mbao ni kama jamaa wa mbali: unasikia habari zake tu.

Magurudumu makubwa yalikuwa ya baiskeli. Aliyetupatia ni mzee mmoja mwenye duka na lori mjini, ambaye baba yake Bwana Afya alimjua. Nilikwenda kuyachukua mwenyewe. Mzee akaniuliza kama ni ya mkokoteni.

"Ya kiti cha mgonjwa, mzee."

"Mgonjwa anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Anakaa juani."

"Sasa magurudumu ya nini?"

Nikamweleza habari yote, na ya kuku pia. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka kwenye gunia la chumvi. Akanipa na breki zake. "Mwambie huyo bwana," akasema, "sisi Waislamu tunamwona mama mkwe bila kuku, na bado tunamwogopa."

Bibi naye hakukaa kimya. Karakana ya kijiji, nilimofanyia kazi, ilikuwa karibu na nyumba ile ndogo, na sauti yake haikuwa imepooza. Kwa kuwa hakuweza kusema na mkwe wake, alisema na kuku waliokuwa wakipekua mlangoni.

"Nyie kuku, mnasikia randa hiyo? Kuna mtu anatengeneza kiti. Ajue kwamba kichwa changu hakitaki kulala chini kuliko miguu. Mimi si popo."

Bwana Afya, nyuma ya ukuta, akaniambia kwa sauti iliyosikika mpaka shuleni: "Fundi, naona kuku wana maoni. Punguza mlalo."

Egemeo nililitengenezea reli mbili za chuma zenye meno kama msumeno, nikizikata kwenye plau mbovu, na ulimi wa chuma uliodumbukia kati ya meno. Ukivuta ulimi, mgongo unalala. Ukiuachia, unashika pale pale. Magurudumu yalikuwa na breki za waya, na juu ya breki Bwana Afya akataka makomeo, na juu ya makomeo akataka kufuli. Na mkanda wa kiunoni, alisema, ufungwe kwa kufuli vilevile.

"Na nyumba ikishika moto?" nikauliza.

"Ufunguo ninao mimi."

"Wewe huruhusiwi kuingia, Bwana Afya."

Alifikiri. "Nitaurusha dirishani."

Lililotuokoa na kufuli ni halmashauri ya kijiji. Kwa kuwa mbao na chuma vilikuwa mali ya kijiji, wajumbe walitaka kukikagua kiti darasani, walikofanyia vikao, kabla hakijatumika. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye heshima zake, akasema atakijaribu mwenyewe. Bwana Afya akamfunga mkanda, akabana kufuli, akavuta ulimi. Mwenyekiti akalala taratibu mpaka akawa anatazama bati la darasa. Wajumbe wakapiga makofi. Halafu Bwana Afya akatoa mkufu wake wa funguo.

"Fungua basi, Bwana Afya."

"Subiri kidogo, mwenyekiti. Huu ni wa choo."

"Na huo?"

"Wa maziwa."

Alizijaribu zote, kisha akazijaribu tena kwa mpangilio mwingine. Ikaonekana ufunguo wenyewe ameuacha mfukoni mwa suruali nyingine, na suruali imefungiwa sandukuni. Akatumwa mtu.

"Tuendelee na ajenda," mwenyekiti akaliambia bati. "Mbolea."

Wakajadili mbolea. Mwenyekiti alikuwa akinyoosha kidole hewani kila alipotaka kusisitiza, na wajumbe waliogopa kumpinga mtu ambaye uso wake hawauoni. Nasikia hakujawahi kuwa na kikao kilichokwisha haraka vile. Alipofunguliwa alisema kiti ni kizuri, lakini mtu anayekaa hapo ndiye afungue mwenyewe, kwa mkono wake mzima, asingoje mtu. Bwana Afya akakasirika siku mbili, halafu akaanza kuwaambia watu kwamba hilo lilikuwa wazo lake. "Komeo la mgonjwa," akasema, "lifunguliwe na mgonjwa. Vinginevyo ni mahabusu." Nikatengeneza pini ya mti kwenye mkanda, upande wa kushoto wa Bibi.

Tulijaribu na gunia la mahindi. Mimi ndiye niliyetaka majaribio. Nisingeweza kumwachia mtu hai kwenye kitu nilichotengeneza mimi. Tukalivika gunia kanga ya Bibi ili turubai la kiti lijue msuguano wa kitambaa, tukalifunga mkanda, nikalisukuma njiani. Akatokea mzee mmoja asiyeona mbali. Watu wetu hawampiti mtu bila kumsalimu. Mzee akainama, akapiga makofi polepole, akangoja.

Kunyamaza kusingewezekana. Angesimama pale mpaka jua lizame.

"Umeamkaje, mama?" akasema mzee.

"Nimeamka vizuri, baba," nikajibu kwa sauti nyembamba nikiwa nimejificha nyuma ya egemeo.

"Na mwili?"

"Unapoa kidogo."

"Naona umenenepa."

"Ni mahindi, baba."

Akapiga makofi tena akaenda zake. Kijijini ikasemwa kwamba Bibi amepona.

Siku ya Bibi mwenyewe ilipofika, Bwana Afya alikwenda kukaa ndani ya choo cha mfano ili asione. Alikuwa akiniuliza mambo kutoka humo. Mke wake na wanawake wawili wakamtoa Bibi, wakamkalisha, wakafunga pini, wakalaza mgongo kidogo. Jua lilimpiga usoni baada ya miezi ya giza. Alifumba macho, nami nikaona mdomo wake ukitulia. Magurudumu hayakusogea. Nikaanza kufikiri kwamba huenda nimefanya kitu kizuri.

Ndipo kaka mkubwa wa marehemu mume wake alipokuja na fimbo yake kumpa pole.

Kwetu mwanamke anayemsalimu mkubwa wa mumewe hushuka. Hupiga goti, huteremsha macho, hupiga makofi chini ya kifua. Bibi alikuwa juu. Kiti kilikuwa kirefu kuliko stuli aliyoletewa shemeji yake, na egemeo lilipolala miguu ilinyanyuka, kwa hiyo mzee yule alisalimiwa na nyayo mbili. Mzee alitazama pembeni kwa wema. Bibi alijaribu kushuka. Mkanda ukamshika, kama ulivyotengenezwa. Akapiga paja lake kwa mkono wa kushoto badala ya makofi, mara moja, mara mbili, machozi yanamtoka.

"Nirudisheni ndani," akamwambia binti yake.

"Mama, jua…"

"Mwili umeugua. Sitaki na adabu yangu iugue. Nirudisheni, na kitu hicho kipasuliwe kuni."

Akarudishwa kwenye mkeka. Hakukubali kutoka tena. Baada ya siku chache mke wa Bwana Afya akatoka na beseni, na alipoulizwa kikoje hakusema nyanya. Alisema, "Naona kitu cheupe."

Nilitazamia kwamba Bwana Afya atahubiri juu ya mila potofu. Hakuhubiri. Alikaa kwenye benchi langu, juu ya msumari wa kupindia vyuma, bila kugundua, akasema, "Ana haki."

"Nani?"

"Mama. Tumemtengenezea kiti cha mtu asiye na wageni." Akaitazama karatasi yangu. "Fundi, kiti kipige goti."

Nikadhani amechanganyikiwa. Lakini alichukua penseli yangu, akachora juu ya tobo langu: sehemu ya mbele ya kiti ishuke, mgongo uje mbele taratibu, miguu irudi chini, mpaka aliyekaa awe ameinama mbele ya mtu kwa kimo cha mtu aliyepiga goti. Kila hatua iwe na jino lake. Na mwenye kuvuta wenzo awe Bibi mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mtu hapigi salamu kwa mkono wa mwingine.

Ilikuwa kazi ya hatari kuliko kulaza. Mtu akiinamishwa haraka anatoka. Gunia letu la mahindi lilisalimu mara ya kwanza kwa nguvu mno, likaruka kutoka kwenye kiti, likabingirika mpaka kijitoni. Bwana Afya alilitazama likielea. "Hilo halina adabu," akasema, "lina haraka." Tukaongeza mkanda wa pili, wa kifuani. Tukaongeza springi za kitanda cha chuma ili ushukaji uwe mzito. Nilisugua meno yale kwa tupa mpaka Bwana Afya akaninyang'anya tupa, akaifungia kwenye sanduku lake. Alisema kuna ubora ambao ni ugonjwa. Sijamsahau kwa hilo, na sijapona.

Nani angemwambia Bibi? Mke wa Bwana Afya alijaribu, akafukuzwa. Basi Bwana Afya akasimama nyuma ya ukuta wa nyumba ile ndogo, akasema na kuku.

"Nyie kuku," akasema, na sauti ile nzito ikatetemeka, "mwambieni mtu aliyeko ndani kwamba kiti sasa kinajua kusalimu. Kikimwaibisha tena, nitakipasua mimi mwenyewe. Lakini atoke. Mwambieni… mwambieni nina binti yake. Nitamtazamaje?"

Kuku waliendelea kupekua. Kisha ndani sauti ikasema:

"Kuku, huyo mtu huwa anaongea hivyo kila siku, au leo tu?"

Alitoka. Shemeji yake akaitwa, akaketi, na Bibi akavuta wenzo. Tak, tak, tak, kiti kikashuka jino kwa jino, na Bibi akashuka nacho mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mzee, macho yake chini, mkono wa kushoto ukipiga paja. Mzee akapiga makofi akajibu. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mchoro: akaomba asalimiwe tena. Kwa wiki kadhaa wazee walitoka hata Ilemba kuja kupigiwa goti na kiti, na wengine walirudi kwenye foleni. Meno ya reli yakaanza kulika. Vidonda viwili kati ya vitatu alivyokuwa navyo vikafunga. Cha tatu, kile cheupe, kilikataa kufunga wala kuua. Kikakaa kama mpangaji.

Nilihamia Laela baadaye, kutengeneza madirisha. Kwa muda sikuwaona, ila nilikuwa nikiamka nikiwaza ule ulimi wa chuma.

Mara ya mwisho kumwona Bwana Afya nilikuwa kwenye baiskeli nikirudi kijijini. Kwenye mteremko wa kushukia darajani niliona kitu nilichodhani ni ng'ombe wa plau aliyevalishwa koti. Alikuwa yeye, ameshastaafu, kichwa cheupe, amejifunga kamba ya katani mabegani, anavuta kiti. Kwenye kiti kulikuwa na mtu aliyefunikwa kanga gubigubi kuanzia kichwani. Wa mbele hatazami nyuma, wa nyuma haoni mbele.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Ondoka mbele yangu, sina breki."

"Breki ziko nyuma, mzee."

"Najua ziliko. Nilizibuni mimi. Siwezi kugeuka."

Nikaitupa baiskeli, nikazibana breki. Kiti kikasimama, kamba ikamrudisha nyuma hatua moja. Akabaki amenipa mgongo, akihema.

"Mke wangu yuko msibani Kirando," akasema akiiambia barabara. "Tangu jana nasikia harufu kutoka kule ndani. Nampeleka zahanati. Fundi, afadhali umekuja. Mfunue mgongoni kidogo, uniambie kikoje."

Mikono yangu, inayorekebisha kila kitu, ikaendelea kubana breki. "Mzee, mimi siwezi."

"Huhitaji kujua kitu. Sema rangi tu."

"Siwezi, mzee."

"Ni kama nini? Ni kama nyanya?"

"Nimechoka kuwa nyanya," kanga ikasema.

Bwana Afya akaikaza kamba mabegani.

"Miaka yote hii naelezwa kama kapu la sokoni. Wewe, baba, uliye mbele. Ndiyo, nasema na wewe, hapa barabarani hakuna kuku. Geuka."

Akageuka. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayetiwa dawa. Akanyoosha mikono, akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wa kiti, na kutoka hapo vidole vyake vikajua njia: mkanda, pini, wenzo.

"Fumbua," akasema Bibi, "au unataka kunitibu kwa kupapasa?"

Alikuwa ameishusha kanga. Uso ulikuwa mdogo, upande mmoja umelala, upande mwingine ukingoja. Bwana Afya akafumbua macho. Nilikuwa nimejikunyata, sijui nikitazamia nini. Lori lenye magunia likapita, dereva akapiga honi, vumbi likatufunika, likaondoka na upepo.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Afya.

"Marahaba, baba." Akamtazama kutoka viatuni mpaka kwenye mvi. "Kumbe mfupi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti ile nilidhani unainama mlangoni."

Bwana Afya alimwomba radhi, akasema itabidi aulaze mgongo wa kiti na kumgeuza ubavu, atazame. Bibi akafikiri, kisha mkono wake wa kushoto ukachomoa pini mwenyewe.

"Wewe kijana," akaniambia, "tazama Laela."

Nikageuka nikatazama Laela, ambako kutoka pale mtu haoni chochote ila barabara. Nyuma yangu nikasikia ulimi wa chuma ukihama, jino kwa jino, na kiti kikilala bila kukwaruza. Nikasikia kanga ikifunuliwa. Nikaanza kuomba.

"Kichafu," Bwana Afya akasema hatimaye. "Lakini si kirefu. Mama, si kirefu hata kidogo." Ile sauti ya pipa ilikuwa imekwisha, ilibaki sauti ya mtu wa kimo chake. "Kitasafishwa leo hii."

"Mikono yako baridi."

"Ni upepo, mama."

"Basi ipashe kwanza. Si umechelewa siku zote hizi? Hatuna haraka."

Niliendelea kutazama Laela, nikimsikia akisugua viganja.